Lebo Kwanza, Bei Baadaye: Namna ya Kuijua Bourbon

Ukiuliza bourbon nzuri dukani, yaani wiski ya Kimarekani ya mahindi, mara nyingi muuzaji atanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, kwenye chupa ya bei kali. Usimlaumu, lakini usimfuate. Bourbon imefungwa na sheria kuliko pombe kali nyingi unazozijua, na sheria hiyo inamlazimisha mtengenezaji kuandika kwenye lebo mambo ambayo huenda angependa kuyanyamazia. Anayeijua lebo atatoka dukani na chupa ya bei ya kawaida iliyo bora kuliko ya yule anayefuata bei. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuonja polepole na kujua anaonja nini. Anayetaka kulewa haraka hauhitaji. Mzinga wowote utamfikisha.

Hatua ya 1: Jua sheria inasema nini

Wiski yoyote ni nafaka iliyochachuka, ikapikwa mtamboni mvuke wake ukakusanywa, kisha ikalazwa kwenye pipa. Ili wiski iitwe bourbon, lazima itengenezwe Marekani na mahindi yawe asilimia 51 au zaidi ya nafaka yake. Itoke mtamboni na kilevi kisichozidi asilimia 80, iingie kwenye pipa ikiwa haizidi asilimia 62.5, na ijazwe kwenye chupa ikiwa haipungui asilimia 40. Pipa liwe la mwaloni, jipya, lililochomwa kwa moto ndani mpaka likashika mkaa. Haitiwi rangi wala ladha ya aina yoyote. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji tu.

Wengi hudhani ni lazima itoke Kentucky. Si kweli. Inaweza kutoka jimbo lolote, ingawa sehemu kubwa hutoka Kentucky, ambako mapipa yaliyolazwa kwenye maghala ni mengi kuliko watu. Mwaka 1964 bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuitambua kuwa kinywaji cha nchi hiyo peke yake, kwa hiyo chupa iliyotengenezwa nchi nyingine haiwezi kuuzwa huko kwa jina hilo.

Katika masharti yote, la pipa jipya ndilo lenye uzito zaidi. Moto ukipita ndani ya pipa, sukari iliyomo kwenye mbao huungua, na mbao hizo hutoa vanilini, kiini kilekile kinachoipa vanila harufu yake. Rangi yote unayoiona kwenye glasi imetoka humo. Majira ya joto Kentucky hupita nyuzi 30, na baridi yake hugandisha maji. Kinywaji hutanuka kikajipenyeza kwenye mbao wakati wa joto, kikarudi ndani ya pipa wakati wa baridi, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana bourbon hukomaa mapema kuliko wiski ya Uskoti, ambako hali ya hewa ni ya ubaridi na mapipa mengi yameshatumika. Na mengi ya hayo yaliyotumika ni ya bourbon: yakishamwagwa mara moja hayawezi tena kulaza bourbon, basi huuzwa kwa Waskoti na kwa watengenezaji wa ramu na tekila.

Hapo kuna funzo la mfukoni. Umri mkubwa si sifa ya moja kwa moja. Bourbon ya miaka 6 hadi 12 kwa kawaida iko kwenye utamu wake. Ya miaka 20, isipokuwa kama pipa lilikaa sehemu ya ghala yenye ubaridi, inaweza kukukausha ulimi kama umetafuna ubao.

Nafaka nyingine nazo zina kazi yake. Kimea cha shayiri huwemo kidogo ili kugeuza wanga wa mahindi kuwa sukari, kazi ileile inayofanywa na kimea cha ulezi katika pombe zetu za kienyeji. Kisha huja nafaka ya tatu, na hapa ndipo tabia ya chupa inapoamuliwa. Ikiwa ni rai (kwa Kiingereza rye), nafaka inayofanana na ngano, utapata ukali wa viungo: pilipili manga, mdalasini, majani ya mnanaa. Ikiwa ni ngano, kinywaji kitakuwa laini na kitamu zaidi mbele ya ulimi. Maker's Mark hutumia ngano, kama asilimia 16. Bulleit hutumia rai asilimia 28, kiasi kikubwa kwa bourbon.

Hatua ya 2: Geuza chupa, soma mbele na nyuma

Anza na neno Straight. Likiwapo, wiski hiyo imekaa kwenye pipa si chini ya miaka 2. Ikiwa haijafika miaka 4, sheria inalazimisha umri wake utajwe. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa Straight Bourbon bila kutaja umri ina angalau miaka 4. Na umri unapotajwa, ni wa ile changa kuliko zote zilizochanganywa, si wastani.

Neno la thamani kuliko yote kwa mwenye bajeti ya kawaida ni Bottled in Bond. Lilitokana na sheria ya mwaka 1897, wakati ambapo wafanyabiashara walikuwa wakiuza pombe tupu iliyotiwa rangi na ladha na kuiita wiski iliyokomaa. Serikali ikaweka dhamana yake: wiski itoke kwenye kiwanda kimoja, ipikwe katika msimu mmoja, ikae miaka 4 au zaidi kwenye ghala lililo chini ya usimamizi wa serikali, na ijazwe ikiwa na kilevi asilimia 50 kamili. Leo hakuna ofisa anayelala ghalani na ufunguo, lakini masharti yako palepale, na wauzaji wengi bado hawajayapandishia bei. Evan Williams yenye lebo nyeupe ni mfano mzuri. Kwa maoni yangu, chupa ya namna hii inamfundisha anayeanza mambo mengi kuliko chupa ya bei mara tano.

Proof ni kilevi kwa kipimo cha Kimarekani. Gawanya kwa mbili upate asilimia: 101 ni asilimia 50.5. Ukiona Barrel Proof au Cask Strength, haikupunguzwa makali kwa maji baada ya kutoka kwenye pipa, au ilipunguzwa kidogo mno. Hizo zinaweza kupita asilimia 60. Ziache kwa sasa.

Single Barrel maana yake chupa yote imetoka pipa moja, hivyo chupa mbili za jina moja zinaweza kutofautiana. Small Batch haina maana yoyote kisheria. Mapipa 10, mapipa 300, yote yanaweza kuitwa hivyo. Hadithi ya babu wa ukoo iliyoandikwa kwa mwandiko wa kalamu ya wino, nayo ipite tu.

Sasa geuza nyuma, kwenye maandishi madogo. Tafuta palipoandikwa Distilled in au Distilled by. Chapa nyingi zenye jina la shamba na picha ya farasi hazijapika hata tone. Zimenunua wiski kwenye kiwanda kikubwa, mara nyingi kile cha Lawrenceburg katika jimbo la Indiana, zikaijaza kwenye chupa zao. Usikichanganye na Lawrenceburg ya Kentucky, kwenye viwanda vya Wild Turkey na Four Roses. Kununua si dhambi, na wiski ya Indiana ni nzuri sana, hasa ya rai. Lakini kama chupa inajinadi kwa hadithi ya shamba la Texas na nyuma imeandikwa Indiana, unajua unalipia nini.

Kwa mnunuzi wa Kenya au Tanzania kuna jambo moja la kuongeza: stempu ya ushuru. Pombe za bandia zipo, na chapa maarufu ndizo zinazoigwa zaidi. Kagua stempu kwa programu ya simu, Soma Label ya KRA au Hakiki Stempu ya TRA, na angalia kizibo kama kimewahi kuguswa. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine yote, ondoka.

Hatua ya 3: Nunua chupa tatu, usinunue moja

Mtu mwenye chupa moja hana cha kulinganisha, na ladha hujulikana kwa kulinganisha. Kama chupa tatu ni mzigo, changeni watu watatu, kila mmoja alete yake.

Ya kwanza iwe ya rai kidogo, ya kawaida kabisa: Jim Beam, Evan Williams, au Buffalo Trace ukiipata. Ya pili iwe ya ngano, na Maker's Mark ndiyo inayopatikana kirahisi. Ya tatu iwe na nguvu: Wild Turkey 101, au yoyote ya Bottled in Bond. Hizo tatu zitakuonyesha nafaka inafanya nini na kilevi kinafanya nini. Jack Daniel's itakuja baadaye, ina mambo yake.

Hatua ya 4: Onja kwa utaratibu

Glasi iwe ndogo, yenye tumbo na mdomo uliobana. Zipo zilizotengenezwa maalumu, ila glasi ndogo ya divai inafaa. Bilauri pana ya baa hupoteza harufu, na harufu ndiyo nusu ya kazi. Isiwe na harufu ya sabuni. Isuuze kwa maji, ikaushe, inuse ikiwa tupu kabla hujamimina.

Mimina nusu toti, kama mililita 15. Kisha iache. Dakika tano, hata kumi. Mvuke mkali wa juu huondoka, na kilichofichwa chini yake huanza kupanda. Pembeni uwe na maji ya kawaida na kipande cha mkate mkavu. Usionje baada ya nyama choma na pilipili. Ulimi utakuwa umeshafungwa.

Kunusa kuna namna yake. Usitumbukize pua ndani ya glasi kama unavyofanya kwa divai, kilevi kitakuchoma na hutasikia kitu kwa dakika nzima. Shika glasi usawa wa kidevu, fungua mdomo kidogo, vuta pumzi kwa pua na mdomo kwa pamoja. Ipandishe taratibu hadi kwenye mdomo wa juu. Jaribu tundu moja la pua, kisha jingine, maana mara nyingi moja linasikia vizuri kuliko lenzake. Usilazimishe majina. Jiulize kwanza maswali mapana: ni tamu au kavu? Ni tunda, kiungo, au mbao? Ukishapata kundi, ndipo utafute jina. Tamu ya namna gani: asali, sukari guru, au sukari iliyoanza kuungua kwenye sufuria?

Watu wa kwetu tuna faida hapa ambayo hatuisemi. Pua iliyokulia kwenye pilau na chai ya viungo inazijua karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga moja moja, bila kusoma kitabu. Vingi vya hivyo utavikuta kwenye bourbon ya rai. Kabla ya kuonja, fungua makopo ya jikoni, nusa karafuu, nusa mdalasini, nusa ganda la chungwa, kisha rudi kwenye glasi. Utashangaa.

Funda la kwanza mdomoni usilihukumu. Kazi yake ni kuuzoesha mdomo, na daima litaunguza. La pili ndilo la kuonja. Liache lizunguke ulimini kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, ulitafune kama chakula. Booker Noe, mjukuu wa Jim Beam mwenyewe, yule mwenye jina lililo kwenye chupa, alikuwa maarufu kwa kutafuna wiski hivyo, akipiga midomo kwa sauti. Meza, funga mdomo, toa pumzi kwa pua. Hapo ladha nyingine hujitokeza, na hapo ndipo uhesabu inakaa muda gani. Bourbon changa hukatika ghafla. Iliyokomaa hubadilika ikiwa inaondoka: inaanza tamu, inageuka viungo, inaishia kwenye mbao au tumbaku kavu.

Usiku huo usioshe glasi. Iache mezani, uinuse asubuhi. Kilevi kimekwisha kuruka, kimebaki kile pipa lilichoacha: karameli, moshi kidogo, mbao. Hakuna njia rahisi zaidi ya kuujua mwaloni.

Hatua ya 5: Maji na barafu

Kuna watu watakaokuambia kuitia maji ni kuiharibu. Wapuuze, waliotengeneza wenyewe huonja wakiwa wameongeza maji. Matone machache hupunguza muunguzo na kufungua harufu, hasa kwenye chupa ya asilimia 50 kwenda juu. Onja kavu kwanza, kisha tone moja moja, ukionja kila mara, mpaka uone imeanza kuwa maji. Rudi nyuma kidogo. Hapo ndipo pako. Tumia maji yasiyo na harufu ya klorini.

Barafu huficha. Ubaridi huzima utamu na harufu. Siku ya joto la Dar au Mombasa, tia barafu ufurahi, hakuna polisi. Ila usidai umeijua chupa ambayo hujawahi kuinywa bila barafu. Na kama unataka kuichanganya, jaribu Old Fashioned: mililita 60 za bourbon yenye nguvu, kijiko kidogo cha sukari kilicholowekwa kwa matone mawili matatu ya Angostura (kiungo kichungu cha vinywaji), barafu kubwa, na ganda la chungwa lililokamuliwa juu yake. Koroga tu, usitikise.

Hatua ya 6: Linganisha bila kujua

Baada ya kuzizoea chupa zako, mwombe mtu amimine glasi mbili bila wewe kuona, aandike jina kwenye kikaratasi abandike chini ya glasi. Onja, andika, kisha geuza. Weka ya ngano na ya rai. Siku nyingine weka ya bei nafuu na ya bei kubwa, uone kama ulimi wako unakubaliana na pochi. Mara nyingi haukubali.

Usizidishe glasi tatu kwa jioni moja. Pua huchoka kabla ya kichwa, na unachoandika baada ya hapo hakina maana. Kwenye daftari yatosha jina, asilimia ya kilevi, harufu mbili, ladha mbili, na kama ungeinunua tena. Hilo la mwisho ndilo utakaloenda kulisoma.

Hatua ya 7: Toka nje ya bourbon

Wiski ya rai ina rai asilimia 51 au zaidi, na masharti mengine yanafanana na ya bourbon. Ni kavu, kali, na wapenzi wa tangawizi huipenda mara moja. Neno Blended Whiskey kwenye chupa ya Kimarekani ni onyo: wiski halisi ndani yake inaweza kuwa asilimia 20 tu, iliyobaki ni pombe tupu.

Wiski ya Tennessee inastahili kukaa nayo kidogo. Kabla ya kuingia kwenye pipa, huchujwa polepole kupitia mkaa wa mti wa mepo (kwa Kiingereza maple). Jack Daniel's huipitisha kwenye rundo la mkaa lenye kina cha kama mita 3. Hiyo huondoa ukali fulani na kuacha ule ulaini unaojulikana, pamoja na harufu ya ndizi mbivu ambayo ukishaisikia mara moja hutaikosa tena. Aliyemfundisha kijana Jack Daniel kupika wiski ni Nathan Green, aliyeitwa Nearest, Mmarekani Mweusi aliyekuwa mtumwa, na baadaye akawa bingwa wa mapishi wa kiwanda hicho. Kwa zaidi ya karne jina lake lilibaki zaidi kwenye masimulizi ya familia na wenyeji wa Lynchburg, mji wa kiwanda hicho. Kampuni ilianza kulitangaza wazi mwaka 2016. Mtu anayejiita mpenzi wa wiski ya Marekani bila kumjua Nearest Green bado ana somo.

Hatua ya 8: Kaa mbali na uwindaji

Utasikia majina yanayotajwa kwa mnong'ono: Pappy Van Winkle, Weller, Blanton's yenye farasi juu ya kizibo. Ni wiski nzuri. Bei zake za mitaani hazihusiani na kilichomo ndani. Blanton's, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984, ni chupa ya pipa moja ya kiwango kizuri. Ukiikuta kwa bei ya kawaida ichukue, ikiwa mara tatu iache. Four Roses Single Barrel ni ya pipa moja pia, asilimia 50, na haina foleni. Ukitaka utamu wa ngano, Larceny itakutosha bila kuuza simu.

Ukishanunua, simamisha chupa, usiilaze kama divai, kwa sababu kilevi kikali hula kizibo. Iweke mbali na jua. Ikishafika robo, hewa huanza kuidhoofisha; usiifanye pambo la kabati.

Ukifika Kentucky

Wasomaji wengi wa Kiswahili wako karibu na wiski hii kuliko wanavyofikiri: Louisville na Lexington zina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo. Kama una ndugu huko, safari imeshapata nusu ya gharama.

Ukiwa Louisville, anza na mtaa wa Main. Old Forester wana karakana ya mapipa humohumo ndani, na unaona pipa likichomwa mbele ya macho: moto unajaa tumbo la pipa, unazimwa kwa maji, na mbao zilizobaki zina magamba meusi kama ngozi ya mamba. Kisha toka mjini. Bardstown ina Heaven Hill na Willett, Loretto ina Maker's Mark ambako unaweza kuchovya chupa yako mwenyewe kwenye nta nyekundu, na Frankfort ina Buffalo Trace. Ukikaribia maghala tazama kuta na miti: imepakwa weusi kama masizi. Ni kuvu anayeishi kwa mvuke wa pombe unaopotea kwenye mapipa, ule ambao wenyeji huuita fungu la malaika.

Weka miadi mapema kwenye tovuti ya kila kiwanda, hasa kuanzia masika hadi Oktoba. Viwanda viwili kwa siku vinatosha. Umbali ni mkubwa na barabara ni za mashambani, kwa hiyo mmoja wenu asinywe au mkodi gari lenye dereva. Umri wa kisheria ni miaka 21, na mlangoni watakuomba kitambulisho hata kama una mvi. Pasipoti inakubalika.